Simu ya Thelathini na Moja

Jumatatu saa nne na dakika tano asubuhi, Mkurugenzi Gervas Mwaluko aliingia ofisini kwa Salima Nandonde bila kubisha hodi, ameshika karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa habari. Katika Idara ya Utulivu wa Jamii hakuna aliyechapisha kitu kwa miaka sita isipokuwa Mkurugenzi, aliyeamini kwamba jambo likiwa kwenye karatasi linakuwa zito zaidi.

"Tumewapata," alisema.

"Akina nani?"

"Hatujui bado. Ndiyo raha yake."

Salima aliisoma akiwa amesimama. Nyumba namba 4417, Nachingwea. Jumamosi tatu mfululizo, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, simu zote zilizokuwa ndani ya nyumba hiyo zilikaa kimya mahali pamoja. Hazikupiga, hazikupokea, hazikusogea hata sentimita moja. Jumamosi ya kwanza simu thelathini na moja. Ya pili na ya tatu, thelathini. Wenye simu wote wanawake, mdogo wao miaka ishirini na mmoja, mkubwa sabini na minne. Joto la nyumba: 88.

Joto ndicho kipimo alichokitoa Chekeche, mashine ya Idara ya kuhesabu watu. Kila nyumba nchini ilikuwa nalo, kuanzia sifuri hadi mia, na kila asubuhi saa nne lilikokotolewa upya kutokana na mambo ambayo mwenye nyumba hakujua kwamba anayasema: umeme aliotumia, maji, dawa alizonunua, basi alilopanda, simu iliyolala karibu na simu yake. Joto likivuka sabini, timu ya mazungumzo ilitumwa, mradi mhakiki awe ametia saini. Likivuka tisini, saini haikuhitajika. Vitambulisho vya wahusika vilijifunga vyenyewe. Timu haikumpiga mtu. Ilizungumza naye kwa adabu, kisha ikamfungia kitambulisho "kwa muda wa uchunguzi," na mtu aliyefungiwa kitambulisho hawezi kununua maji, dawa wala tiketi. Wapo waliokuwa wamefungiwa miezi tisa. Takwimu za Idara zilionyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyelalamika. Fomu ya malalamiko ilihitaji kitambulisho.

"Kimya kilichopangwa," alisema Mwaluko, akilitamka neno kama mtu anayeonja mchuzi aliopika mwenyewe. "Nani anakaa saa nne bila kugusa simu, Bi Nandonde? Mimi siwezi dakika kumi. Wewe unaweza?"

"Inategemea niko wapi."

"Wanapanga kitu hawa. Halafu angalia hii ya thelathini na moja. Imefunikwa! Unajua maana yake?"

Salima alijua. Simu za watumishi wa Idara na za viongozi zilikaa nyuma ya kile kilichoitwa pazia: zilionekana katika idadi, lakini hazikuwa na jina, wala hazikuongeza joto la mahali popote.

"Maana yake ni mtu wetu," alisema Mwaluko. "Au mkubwa fulani. Alhamisi saa nne wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wanaonyeshwa Chekeche. Miezi kumi na moja tumekamata nini? Wezi wawili wa mbuzi na kwaya iliyokuwa kwenye mazoezi. Sasa Mungu ametuletea hii. Tia saini, dada yangu."

"Nina saa sabini na mbili za kuhakiki, kwa mujibu wa kanuni."

"Kanuni niliziandika mimi."

"Ndiyo maana nazifuata, Mkurugenzi."

Alipotoka, Salima alivuta mkoba wake kutoka chini ya meza, akaitazama simu ya thelathini na moja. Ilikuwa na ufa mdogo pembeni na asilimia sitini ya chaji.

*

Kanuni ya kimya ilitungwa na wanaume wanne katika wiki mbili. Walimlisha Chekeche kumbukumbu za jaribio moja la zamani la uasi, ambamo maafisa kumi na mmoja walizima simu zao kwa wakati mmoja, wakahitimisha kwamba asiye na hatia hanyamazi. Salima aliandika dokezo la kurasa mbili akieleza kwamba tukio moja halitoshi kuwa ushahidi, na kwamba wanne hao walisahau kuuliza ni nani mwingine nchini hunyamaza kwa pamoja na kwa nini. Dokezo lilipokewa, likagongwa muhuri, likapelekwa mahali ambapo madokezo hupelekwa.

Kama wangeuliza wake zao wasingejibiwa, lakini angalau wangejua kwamba lipo jambo.

Nyumba 4417 ilikuwa ya Bi Siwema Chilumba, kungwi. Jumamosi ile ya kwanza Salima alikwenda kwa sababu mwali alikuwa Zamda, mtoto wa dada yake, aliyebakiza mwezi mmoja aolewe. Mlangoni Bi Siwema alikaa kwenye kigoda na beseni la bluu miguuni, naye alimpokea kila mgeni kwa namna ileile.

"Tia."

Salima alitia simu.

"Na saa."

"Saa haisikii, bibi."

"Inahesabu mapigo ya moyo wako. Unafikiri sijui? Mkwe wangu anayo. Humu ndani moyo wako unapiga bure, hauhesabiwi. Tia, we mtoto wa serikali."

Wanawake walicheka. Mmoja akapiga kigelegele cha kejeli. Salima alivua saa, ikalia kidogo ilipogonga simu za wenzake.

"Linalosemwa humu linabaki humu," alisema Bi Siwema, mlango ulipofungwa. "Atakayelitoa nje, namfunda upya, na safari hiyo mbele ya mama mkwe wake."

Yaliyosemwa mle hayahusu hadithi hii, isipokuwa jambo moja, na hilo nalo si kwa maneno yake. Alikuwepo mwanamke mmoja, Hidaya, mke wa msimamizi wa Idara wilayani. Hakuja kumfunda mwali. Mwali akifundwa, huja pia walioolewa zamani ambao ndoa zao zina la kusema, na kule nje hawana pa kulisemea. Hidaya alizungumza kwa dakika chache. Alipomaliza, wanawake thelathini hawakuangaliana, na Bi Siwema, ambaye hakukosa neno tangu azaliwe, aliomba tu mtu alete maji ya kunywa.

Kwa hiyo Salima alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi na la kweli, na lingewaokoa wote thelathini na yeye mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Tatizo lilikuwa kisanduku cha sababu. Chekeche hakusamehe bila kufundishwa. Mhakiki aliyetaka kulifuta jalada alipaswa kuandika maneno yasiyopungua arobaini kueleza mkusanyiko ulikuwa wa nini, kisha alama tatu ambazo kwazo Chekeche angeutambua mkusanyiko wa aina hiyo popote pengine. Sehemu iliyoachwa wazi ilikataliwa. Salima aliiunda sehemu hiyo mwenyewe, miaka mitatu nyuma, na aliwahi kupongezwa kwa ajili yake: kila asiye na hatia aliyeachiwa alimfanya Chekeche kuwa na akili zaidi. Wakati ule aliiona nzuri sana. Alikuwa hajawahi kuitazama kutoka upande wa anayeachiwa.

Aliandika kwa majaribio. *Wahusika walikuwa katika shughuli ya kumfunda mwali.* Maneno saba. Kisha alama: ndoa iliyosajiliwa kufungwa hivi karibuni, wanawake pekee, simu zimekusanywa mlangoni. Alijua hatua inayofuata bila kuiuliza mashine. Ndani ya siku moja Chekeche angekuwa na orodha ya kila kungwi nchini, kila mwali, na kila mwanamke aliyerudi mara ya pili na ya tatu bila kuwa na mwali wa kumfunda. Angewapa hao wa mwisho kundi lao. Angelipa kundi jina.

Na kundi likiwa na jina, linaweza kuulizwa.

Alifungua daftari la maulizo. Kila mara afisa alipomtafuta mtu ndani ya Chekeche, daftari liliandika nani kauliza, kamuuliza nani, saa ngapi. Hakuna aliyelisoma, kwa kuwa walioruhusiwa kulisoma ndio walioandikwa humo. Tangu Chekeche aanze kazi, maafisa walikuwa wameuliza mara 61,204. Katika maulizo 38,517, aliyeulizwa alikuwa mke, mchumba, mtalaka au shemeji wa aliyeuliza. Mashine iliyojengwa kulinda taifa dhidi ya maadui ilikuwa, kwa zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi, ikiwaambia wanaume wenye vyeo kwamba mke yuko sokoni.

Msimamizi wa Nachingwea alikuwa amemuuliza Hidaya mara 212 katika siku thelathini. Jumamosi zile tatu, kati ya saa nane na saa kumi na mbili, aliuliza kila baada ya dakika tano. Kila mara Chekeche alimjibu vilevile: yupo nyumba 4417, kimya. Alichokosa ni maana tu.

Salima alifuta yale maneno saba, moja baada ya jingine, ingawa mashine ilikuwa na namna ya kuyafuta yote mara moja.

*

Jumanne mchana Mwaluko alimwita. Hakuweza kungoja. Alikuwa amelala, alisema, akimwota huyo wa thelathini na moja.

"Sitaki sababu zako. Nataka jina. Ondoa pazia kwenye simu hiyo."

"Pazia ni moja, Mkurugenzi. Lina ufunguo mmoja. Ulitaka hivyo ili mtu asije akafunua kiongozi mmoja mmoja kwa siri. Likiondolewa, linaondolewa kwa wote."

"Kwa muda gani?"

"Hesabu ya nchi nzima inachukua saa arobaini. Tukianza leo saa kumi jioni, itakuwa imekwisha Alhamisi saa mbili asubuhi."

"Saa mbili!" Mwaluko alipiga meza kwa kiganja. "Kabla ya Kamati. Namtaja jina mbele yao, akiwa hata hajui. Unaona? Watu wanasema Idara inachunguza wananchi peke yao. Nawaonyesha tunajichunguza wenyewe."

"Agizo la namna hiyo linahitaji saini yako."

"Liandike."

Aliliandika palepale, akiwa amesimama. Lilikuwa na mistari minne. Mstari wa kwanza ulitaja jina na cheo cha Mkurugenzi. Wa pili ulitaja pazia. Wa tatu ulisema: *Kuanzia kukamilika kwa hesabu, simu za watumishi na viongozi wote zitahesabiwa na kuongeza joto mahali popote zilipokaa au zilipopata kukaa, kwa kanuni zilezile zinazotumika kwa wananchi.* Wa nne ulikuwa wa tarehe. Salima aliliweka mbele yake, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Naomba usome mstari wa tatu kabla hujatia saini."

"Bi Nandonde, nimesoma maagizo kabla wewe hujamaliza shule."

Alisoma mstari wa kwanza, kwa kuwa ulikuwa na jina lake, akatia saini.

Salima alirudi mezani kwake. Saa kumi kamili jioni aligeuza ufunguo. Alijua jina litakalotokea ni lake. Alijua pia jambo lingine, ambalo kila mtumishi wa ghorofa ya tano alilijua na hakuna aliyeliona kuwa ajabu: kila Alhamisi Kamati ya Usimamizi ilikaa katika ukumbi wa hoteli moja mjini, kwa kuwa kikao cha nje kina posho, na kabla ya kuanza, wajumbe walitia simu zao katika kikapu cha ukili kilichopitishwa na mhudumu. Agizo hilo la kikapu lilitolewa na Mwaluko. "Kwa usalama wenu, waheshimiwa," aliwaambia. "Hamjui nani anahesabu."

*

Alhamisi ukumbi ulinukia kahawa na zulia jipya. Wajumbe walikuwa kumi na wanane. Kikapu kilikwishapita, kikawekwa kwenye kiti karibu na mlango, kimejaa. Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Leokadia Ngaiza, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, aliuliza kama kuna chai isiyo na tangawizi.

Ramani ya nchi ilijaa ukuta mzima. Mwaluko alisimama mbele yake na kijiti cha mwanga.

"Waheshimiwa, hatumsikilizi mtu. Sheria inakataza. Sisi tunahesabu tu. Dakika mbili zijazo, saa nne kamili, Chekeche atatoa majalada ya leo, nanyi mtaona kwa macho yenu nyumba ya hatari kuliko zote nchini. Na hapo hapo jalada litamtaja mtu wetu mwenyewe aliyekuwa ndani yake."

Alitazamia Nachingwea iwake. Saa nne kamili ramani ilitetemeka kidogo, kama kawaida yake, na alama moja nyekundu ikatokea. Haikutokea kusini. Ramani ikajikuza yenyewe: mkoa, mji, barabara, jengo. Joto: 97.

"Hapa ni wapi?" aliuliza Mheshimiwa Ngaiza.

Mjumbe mmoja wa nyuma alisoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto wa darasa la pili: "Kimya kilichopangwa. Mikutano thelathini na nane. Simu zimekusanywa pamoja, kundi lilelile, mahali palepale. Mikusanyiko ya aina hii huashiria..."

"Huashiria nini? Malizia."

"Njama, Mheshimiwa."

Mhudumu aliingia na chai isiyo na tangawizi, ameshika kimashine cha kusomea vitambulisho. Aliinama kwa heshima sikioni mwa Mwenyekiti, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba wote walimsikia. "Samahani, mama. Kitambulisho chako kinakataa." Akajaribu cha jirani yake. "Na cha mzee huyu pia."

Kwa dakika kumi hivi wajumbe kumi na wanane waligundua, mmoja mmoja, mambo ambayo watu laki mbili nchini walikuwa wakiyajua kwa miezi. Mmoja alitaka kuita gari, akashindwa. Mmoja alitaka kulalamika, akafunguliwa fomu.

"Gervas," alisema Mheshimiwa Ngaiza, safari hii bila cheo, "sisi tunapanga njama?"

"Hapana, Mheshimiwa! Huu ni mkutano halali. Watu waliokaa faragha kwa shughuli zao..."

"Basi mwambie mashine yako."

Mwaluko alimgeukia Salima, aliyekaa pembeni na kompyuta magotini. "Wasamehe! Andika sababu!"

"Nitaandika, Mkurugenzi. Nahitaji maneno arobaini: mlikuwa mkizungumza nini humu, Alhamisi thelathini na nane. Na alama tatu."

Wajumbe walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kueleza walichokuwa wakizungumza.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ipo. Kuifuta kanuni ya kimya yote. Kwa kila nyumba."

Ilifutwa saa tano na dakika kumi. Salima aliitazama ikiondoka. Haikufutwa kwa sababu ilikosea juu ya wanawake thelathini wa Nachingwea; ilifutwa kwa sababu ilipatia juu ya watu kumi na wanane wenye kikapu. Joto la ukumbi lilishuka hadi tisa. Joto la nyumba 4417, ambalo halikuwa na msingi mwingine, lilishuka hadi kumi na mbili, jalada likajifunga. Pazia lilirudishwa papo hapo, kwa kura ya wote.

Kabla halijarudishwa, Mwaluko alikuwa amekwisha kuliona jina kwenye jalada la nyumba 4417. Alimfuata Salima kwenye ujia wa hoteli.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini katika nyumba ile?"

"Nilikuwa faragha kwa shughuli zangu. Umelieleza vizuri kuliko mimi."

Mwaluko alipumua kwa pua. Hasira yake ilikuwa imekwisha kuishia kwa wengine. Kilichobaki kilikuwa udadisi mtupu, na huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Sikiliza. Niambie tu mnafanya nini mle. Neno moja. Halitoki hapa. Ukiniambia, kesho unarudi mezani kwako kama hakuna lililotokea."

Alikuwa anasema kweli. Salima alimfahamu vya kutosha kujua hilo. Mtu yule alikuwa na umeme, maji, dawa na mapigo ya moyo ya watu milioni tisini, na bado asingelala kwa sababu ya chumba kimoja.

"Utalala tu," alimwambia, akampa simu ya ofisi, saa na kitambulisho cha kazi.

*

Jumamosi ya nne ilikuwa ya mwisho kabla ya harusi ya Zamda. Salima alifika saa nane kasoro kidogo, vumbi la stendi likiwa bado kwenye viatu. Bi Siwema alikuwa kwenye kigoda chake, beseni miguuni.

"Tia."

"Sina."

"Kila mtu ana simu. Usinifanye mjinga."

"Wameichukua. Na saa. Na kazi."

Bi Siwema alimtazama kuanzia vumbi la viatu hadi juu.

"Kwa nini?"

"Walitaka niwaambie tunafanya nini humu."

"Ukawaambia?"

"Hapana."

Ndani, kwenye mkeka karibu na ukuta, Hidaya alikuwa amekaa na begi kando yake, begi kubwa kuliko la mtu anayerudi nyumbani jioni. Alikuwa ameinua uso, anasikiliza.

"Sasa unataka nikupigie makofi?" alisema Bi Siwema. "Kaa chini. Unazuia mlango."

Salima alikaa, akasogezewa nusu ya mkeka. Beseni lilikuwa na simu thelathini, na huko makao makuu Chekeche alihesabu thelathini. Waliokuwa chumbani walikuwa thelathini na mmoja. Bi Siwema akanyoosha mguu, akausukuma mlango ukafungika.